Treni za Kuazima

Nairobi, 14 Januari 2025

Kwa Mama Yurub Awil,
Waberi, Garissa

Asalaam aleikum, Mama.

Sanduku limefika salama. Kondakta alilipakata mapajani toka Garissa hadi Eastleigh, akanikabidhi akisema, "Chukua mayai yako." Nimezifungua picha moja moja. Hakuna hata moja iliyokunjika.

Nataka ujue kwamba tangu siku ile kaka yako Abdinasir aliponileta kwenu kunywa chai, sijalala vizuri. Nilikuja Garissa kununua mbuzi wa harusi ya mdogo wangu, nikakuta ukuta mzima wa treni kwenye theluji, katika mji ambao hauna hata kipande cha reli. Nashukuru kwamba umetuamini.

Mkurugenzi wetu amezipenda mno. Maonyesho yatafunguliwa hapa kwenye jumba letu la picha tarehe 7 Februari, yaendelee hadi mwisho wa Aprili. Ana maombi mawili tu. La kwanza, tupate picha yako mwenyewe, ya uso, tuiweke mlangoni. La pili, uandike mistari michache kuhusu safari yako ya ukimbizi na jinsi picha zilivyokuliwaza ugenini. Watu huguswa na mambo hayo.

Na mimi nina swali langu. Katika picha zote hizi hakuna mtu hata mmoja. Hakuna dereva, hakuna abiria, hakuna hata ndege. Upweke ulikuwa mkali kiasi hicho?

Wako mtiifu,
Abdub Godana
Msimamizi wa Maonyesho

---

Waberi, Garissa
20 Januari 2025

Abdub, waaleikum salaam.

Umeanza vizuri na mayai, ukaharibu na ukimbizi.

Nani mkimbizi? Mimi nimezaliwa Garissa, nimesoma Garissa, nimechapwa viboko na walimu wa Garissa. Nilikwenda Sweden kwa ndoa. Diriye alikuwa na karatasi za huko, akaja akanioa, akanipeleka kaskazini kabisa, mahali ambapo jua likizama mwezi wa kumi na mbili linasahau kurudi. Baadaye Diriye akahamia kusini na mke mwingine, bila hata kuaga. Kwa hiyo mkurugenzi wako akitaka mtu aliyekimbia, amwandike huyo. Ndoa iliisha, kazi ikabaki, na kazi nilikuwa naipenda kuliko ndoa.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha theluji pale reli zinapogawanyika, treni inapohamishwa toka njia moja kwenda nyingine. Barafu ikijaa hapo, ile treni ya kubeba mawe ya chuma toka mgodini inakwama. Inasimama ndefu mpaka huoni mkia wake, inakungoja wewe na ufagio wako. Wallahi, hakuna kitu kitamu kama hicho. Msichana wa Waberi anafagia, na mlima wa chuma unangoja ruhusa yake.

Upweke unaousema wewe umeutoa wapi? Tulikuwa kundi la wafagiaji, wote wanaume isipokuwa mimi, na tulicheka mpaka kahawa inamwagika kwenye glavu. Watu hawamo kwa sababu ya Hooyo, mama yangu Fatumo. Ulimwona siku ile, ndiye aliyekukatalia kukaa kwenye mkeka wake. Hooyo hataki sura ya kiumbe ukutani. Anasema malaika hawaingii nyumba yenye picha ya chenye roho. Mwaka wangu wa kwanza nilimtumia picha yangu, akaifunika chini ya mashuka. Nikajiuliza, nimtumie nini kitakachokaa mbele ya macho yake, kila akikiona ajue mwanawe mzima? Treni haina roho. Basi nikawa napiga treni. Nilingoja dereva ashuke aingie ofisini, nilingoja wenzangu wapite, hata kunguru nilimfukuza kwa donge la theluji. Huo si upweke, Abdub. Ni heshima kwa mama.

Na yeye alizisoma vizuri kuliko mkurugenzi wako. Hooyo ni binti wa wafuga ngamia wa Griftu. Hajapata kuona treni kwa macho yake mpaka leo, lakini mfugaji anamjua kila mnyama wake kwa sura, basi naye akazijua hizo. Kichwa cha treni kilichokwaruzwa shavuni alikiita Mwenye Kovu. Kile cha kijivu alikiita Mzee. Nikipiga simu, kabla hajaniuliza nimekula nini ananiuliza, "Mwenye Kovu yuko wapi? Mbona humleti siku hizi? Wamemnyima majani?" Kuna mwaka nilimtumia picha ya Mzee akipelekwa kuvunjwavunjwa, milango imeng'olewa. Picha ilipofika tu, Hooyo akachinja mbuzi, akawaita majirani wakasoma Yasini. Nilimwambia, Hooyo, hicho ni chuma. Akanijibu, "Kimefanya kazi na mwanangu. Nyamaza." Watu wa Waberi wamekula hitima ya treni, na wakamwombea Mungu amrehemu.

Sasa sikia vizuri. Filamu zote nilizopigia picha hizo ziliharibika mto ulipofurika ukaingia stoo ya Abdinasir. Hizo zilizo mkononi mwako ndizo pekee duniani. Nilikuuliza kwa nini msifanye nakala, ukasema mkurugenzi anataka zenyewe, zenye alama za misumari ya Hooyo. Haya. Nimekupa kama sisi tunavyoazimana ngamia wa maziwa, na wewe ni Mborana, kwenu mnaita dabare, kwa hiyo usiniambie hujui. Mnyama anakwenda kwa aliyepungukiwa. Anamchunga, anamkama, watoto wake wanakunywa. Mwenyewe akimtaka, anarudi. Maziwa ni yako. Kuuza hakuna, kuchinja hakuna, na chapa yako humwekei.

Sura yangu hupati. Na Hooyo anataka treni zake kabla ya Ramadhani, si mwisho wa Aprili. Tangu nizitoe ukutani hataki kula vizuri. Anaangalia alama za misumari.

Jibu kwa karatasi, umpe kondakta. Barua pepe sifungui.

Yurub Awil

---

Nairobi, 27 Januari 2025

Mama Yurub,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikaona aibu, kisha nikacheka peke yangu kwa ajili ya Mzee. Mungu amrehemu kweli.

Nimesema na mkurugenzi. Uso hatauweka. Habari ya ukimbizi nimemweleza, amenisikiliza.

Dabare naijua, Mama. Babu yangu kule Wajir alikuwa na ng'ombe kwa watu wengi kuliko waliokuwa zizini mwake, na alipofariki walirudi wote, wengine na ndama ambao hatukuwahi kuwaona. Baba huwa anasema ule ndio ulikuwa msiba wenye maziwa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Picha zinatunzwa na hakuna kitakachozigusa.

Kuhusu Ramadhani, nitajitahidi. Tarehe zimeshachapishwa kwenye kadi za mwaliko na mkurugenzi ni mtu mgumu kidogo.

Naomba unisaidie jambo moja. Kuna picha ya treni iliyosimama mahali peupe kabisa, hakuna kituo, hakuna taa, hakuna kitu mbele yake. Wote hapa wanauliza imesimama kwa nini. Niambie sababu, niiandike chini yake.

Msalimie bibi Fatumo. Mwambie mkeka wake sitaukalia tena.

Abdub

---

Waberi, 1 Februari 2025

Abdub,

Kujitahidi si jibu. Mtu anayekuazima ngamia akikwambia namtaka Ijumaa, humwambii nitajitahidi. Unamfungua kamba.

Lakini swali lako ni zuri, kwa hiyo nitakujibu. Hiyo treni ilisimama kwa sababu ya mifugo. Watu wa huko wanafuga paa wakubwa wenye pembe kama matawi, na kundi zima lilikuwa limelala juu ya reli, maana theluji hapo ni kidogo. Dereva akapiga honi. Wapi! Wakamtazama tu. Akapiga tena, wakapiga miayo. Wenzangu wakaanza kupiga makofi na kuwatupia matusi ya Kiswidi. Mimi nikawaambia wanyamaze. Nikapiga ule mluzi wa baba yangu, mrefu, unaoshuka mwishoni, wa kuwaambia ngamia twende majini. Sijui waliusikia vipi, Mungu ndiye ajuaye. Mmoja akasimama, wa pili akasimama, wakaondoka wote taratibu kama watu wanaotoka msikitini. Mchungaji wao alifika na pikipiki ya theluji, mzee mwenye kofia nyekundu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Garissa. Akasema hajui iko wapi lakini watu wa huko wanajua kuongea na wanyama. Nililia, Abdub. Barafu ikanishika kwenye kope.

Ndipo nikapiga picha, wanyama walipokwisha kupita na mzee ameondoka, kwa sababu ukuta wa Hooyo hautaki viumbe. Kwa hiyo ninyi mnaona treni imesimama bure. Andika chini yake: Imewapisha wenye njia.

Usisahau. Kabla ya Ramadhani.

Yurub

---

Waberi, 10 Februari 2025

Waryaa Abdub!

Salamu leo hupati.

Hani, binti wa kaka yangu anayesoma chuo huko Nairobi, amekwenda kwenye maonyesho yenu. Nilimtuma makusudi. Alivaa buibui yake mpya, akapanga foleni, akaingia kama mgeni. Kisha akapiga picha kwa simu akamtumia Abdinasir, na Abdinasir akaja nayo mpaka jikoni bila kuvua viatu. Nikajua kuna msiba.

Mlangoni mmeandika kwa herufi kubwa kama mlango: MKIMBIZI NA TRENI ZAKE. Chini yake maneno ya machozi ambayo sikuyasema mimi wala hakuyasema mtu wa ukoo wangu. Eti nilikuwa nazitazama treni nikitamani moja inirudishe nyumbani. Inirudishe Garissa kwa reli gani? Mjinga gani aliandika haya?

Hilo ningelimeza. Nimeitwa mengi, na wengine walioniita walikuwa na bunduki mkononi. Lakini Hani amesogeza simu karibu na picha, na nimeona kwa macho yangu. Muhuri. Jina la jumba lenu, wino mwekundu, limegongwa juu ya kila picha, kwenye kona, na kwa Mwenye Kovu limegongwa usoni kabisa!

Wewe ni mtoto wa wafugaji. Usinielezee habari ya ulinzi na wizi, najua mtakuja na hayo. Umetia chapa mnyama wa kuazima. Kwetu mtu akifanya hivyo, wazee hawamwiti mwizi, maana mwizi huja usiku akiogopa. Huyu alipewa kwa mkono, akanywa maziwa, akapasha chuma moto. Hakuna anayemwazima tena kitu, yeye wala wanawe. Hata babu yako mwenye ng'ombe kila mahali angekwambia hivyo, na wewe ukaniandikia habari zake kwa maneno matamu huku wino unakauka!

Sijamwambia Hooyo. Ameniuliza leo asubuhi, "Treni zimefika wapi?" Nikasema ziko njiani. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako, mimi ambaye sikumdanganya hata kuhusu Diriye.

Sitaki hela. Sitaki samahani iliyopigwa kwa kompyuta. Nataka treni. Usipozileta nitazifuata mwenyewe, na nitaziondoa ukutani mbele ya wageni wenu wenye glasi mkononi, na ufagio wangu nitakuja nao.

Yurub Awil, ambaye hakukimbia

---

Nairobi, 18 Februari 2025

Mama Yurub,

Naandika kwa mkono, kwenye stendi ya basi Eastleigh, juu ya sanduku lako. Nisamehe mwandiko.

Kila ulichosema ni kweli. Nilipokuandikia kwamba hakuna kitakachozigusa, muhuri ulikuwa umeshagongwa siku mbili kabla. Mkurugenzi aligonga nikiwa nje, na niliporudi nikaona, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ni kona tu, wewe hutaona, na nina kodi ya kulipa. Nikakuandikia habari za babu ili nijisikie kwamba mimi bado ni mtu. Sikuombi chochote kwa hilo.

Barua yako ilipofika nilikwenda nayo ofisini kwake. Nilimwambia, picha hizi ni za kuazima, mwenyewe anazitaka. Akasema tumesaini hadi Aprili. Nikamwambia maziwa tumekunywa. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Akasema, "Huyo mama ashukuru. Nani alikuwa anamjua?"

Mama, hapo ndipo kitu kiliponipanda. Nilitoka, nikachukua ngazi, nikaanza na Mwenye Kovu. Ilikuwa saa ya watu, wageni wamejaa. Mmoja akaniuliza kama ni sehemu ya maonyesho. Nikamwambia ndiyo, ni sehemu nzuri kuliko zote. Dubow, mlinzi wetu, mtu wa Garissa kama wewe, alikuja mbio kunizuia. Nilipomwambia ni dabare, akanishikia ngazi. Lile bango la mkimbizi tumelishusha pia, tukalikunja.

Kazi sina. Mkurugenzi amepeleka taarifa polisi kwamba nimeiba. Ningependa kupanda basi hili nije nikuombe radhi nimeketi chini, mbali na mkeka. Lakini nikiondoka sasa watasema Abdub amekimbia. Sikimbii. Jumatatu nimeitwa kituoni na nitakwenda kwa miguu yangu, na nitasema nilichofanya bila kupunguza.

Kondakta ni yule yule. Nimemwambia ni mayai.

Abdub Godana

---

Waberi, 21 Februari 2025

Mwanangu Abdub,

Asalaam aleikum. Leo salamu nakupa, na zilizobaki nyuma pia uzichukue.

Zimefika zote. Nilitaka kuzifungua jikoni kwanza, nione kama muhuri unafutika. Nilijaribu kwa mate, kwa pamba, kwa spiriti ya Abdinasir. Haufutiki. Nikiwa bado nasugua nikasikia fimbo ya Hooyo mlangoni. Alikuwa amesimama pale muda, sijui muda gani. Akasema, "Lete nione."

Nilimwambia yote, Abdub. Nilimwambia na habari yako, ya kunyamaza na ya ngazi. Akamchukua Mwenye Kovu, akampeleka dirishani, akamtazama ule wino usoni. Nikangoja alie. Hakulia. Aliuliza, "Ngamia akirudi na chapa ya watu, baba yako alifanya nini?" Nikasema, aliipiga yetu juu yake, kubwa zaidi. Akasema, "Basi unangoja nini? Koroga hina."

Tumekaa sebuleni siku mbili. Hina ilikuwa ya Ramadhani, ameimaliza yote. Kwa kijiti cha msuaki alichora chapa ya baba yangu juu ya kila muhuri, ule mstari wenye duara kichwani, ule ule ulio shingoni mwa ngamia wetu kule Griftu. Mkono wake unatetemeka siku hizi lakini kwenye chapa hautetemeki. Akimaliza moja anaipuliza, anasema bismillahi, anataka nyingine. Majirani walikuja kutazama. Mzee Yarrow wa ng'ambo ya barabara alisema hina itaharibu picha. Hooyo akamwuliza yeye ana treni ngapi.

Jana mkurugenzi wako alimpigia Abdinasir. Hooyo akataka simu. Akasema kwa Kisomali, maneno mengi, mengine siwezi kuyaandika kwa sababu Ramadhani iko karibu. Abdinasir, unamjua alivyo mpole, akatafsiri: "Mama anasema amesikitika kidogo." Hooyo Kiswahili hakijui sana, lakini urefu wa maneno anaujua. Akampiga kwa fimbo mguuni. "Mimi nimesema mengi, mbona wewe umesema machache? Rudia!" Ikabidi nitafsiri mimi. Nilitafsiri yote, sikuacha hata jina la mnyama. Mwisho mkurugenzi akasema atafikiria habari ya polisi. Hooyo akasema afikirie haraka, yeye ni mzee.

Lakini sisi hatungoji afikirie. Jumapili napanda basi. Jumatatu nitaingia nawe kituoni, na Hani atakuwepo, na huyo Dubow kama ana moyo aje pia. Wakiuliza nani mwenye mali, nitasema mama yangu. Wakiuliza nani aliiba, nitawaambia aliyerudisha haitwi mwizi kwa lugha yoyote ninayoijua mimi, na nazijua nne, na ya nne nimejifunzia kwenye barafu.

Ukutani zimerudi zote isipokuwa moja. Usishtuke. Hooyo alimshika Mwenye Kovu mkononi, hakumtundika, akamfunga kwa kitambaa chake cha swala. Nilimwambia, Hooyo, huyu si ndiye unayempenda? Akasema, "Kijana hana kazi, na nyumba yake itakuwa kavu mwezi mzima. Mpelekee huyu."

Kwa hiyo nakuletea. Ni wa kuazima, umenisikia? Mtundike mahali unapomwona ukiamka. Kunywa maziwa. Na mtu yeyote akiingia kwako akauliza hiyo alama ya hina ni ya nani, usimwambie ni sanaa. Mwambie ni chapa ya watu wa Fatumo wa Griftu.

Mama yako,
Yurub